Bure, Huria na Mtumiaji: Maneno Yanayompokea Mgeni katika Jumuiya za Programu Huria, kwa Mifano kutoka Voi

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwelekeo wa wageni wanaojiunga na jumuiya za watumiaji wa programu huria ulivyobadilika katika kipindi cha miaka ishirini hivi iliyopita. Wataalamu wa tarakilishi wamekwisha kuyajadili mabadiliko hayo, na sababu wanazozitoa ni za kiufundi na za kiuchumi: vifaa vimekuwa rahisi, mtandao umeenea, watumiaji wameongezeka. Hatuna ugomvi nao. Dai letu ni kwamba iko sababu nyingine iliyomo katika eneo letu sisi wanalugha, nayo ni maneno. Mgeni hupokewa kwa maneno kabla hajapokewa kwa kitu kingine chochote, na kwa upande wa Kiswahili maneno hayo tuliyateua sisi wenyewe.

Kwa programu huria tuna maana ya programu ambayo msimbo wake, yaani maelekezo yaliyoandikwa na mtunzi, umewekwa wazi ili mtu yeyote aweze kuusoma, kuurekebisha na kuugawa kwa wengine. Fikra hii ilitangazwa na Richard Stallman mwaka 1983 alipoanzisha mradi wa GNU, ikapata nguvu mpya mwaka 1991 Linus Torvalds alipotoa Linux. Maadamu nyingi za programu hizi hazina duka wala karani wa kulalamikiwa, mtu anapokwama hana budi kuwauliza watumiaji wenzake. Hao wanaoulizana na kujibizana ndio jumuiya tunayoizungumzia.

Mifano yetu imetoka Voi na sehemu nyingine za Taita Taveta, mahali tunapoishi na kufundisha. Hatudai kwamba Voi ni kioo cha Afrika ya Mashariki nzima. Lakini mji huu unafaa kwa uchunguzi wa wageni kwa sababu karibu kila mtu humo ni mgeni au mjukuu wa mgeni. Reli ya kutoka Mombasa iliufikia mwishoni mwa karne ya 19, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza njia nyingine ikajengwa kutoka hapo kuelekea Taveta. Mdawida aliyeteremka milimani, Msaghala, Mtaveta, Mkamba, Msomali na Mhindi walikutana hapo, na lugha waliyokutania ni Kiswahili, ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na hatimiliki yake.

Diski iliyofika Posta

Mwaka 2008, mwandishi wa makala haya akiwa mwanafunzi wa sekondari, alipokea bahasha katika sanduku la posta la mzazi wake mjini Voi. Ndani yake mlikuwa na diski ya Ubuntu. Programu hiyo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004 na kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na mpaka mwaka 2011 kampuni hiyo ilikuwa ikituma diski kwa posta pasipo malipo kwa yeyote aliyeziomba. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, aliigeuzageuza bahasha ile mkononi.

“Umewalipa kiasi gani, mjomba?”

“Sikulipa kitu.”

“Hata stempu?”

“Hata stempu.”

“Basi hao wanataka nini kwetu?”

Sikuwa na jibu. Niliona ni swali la mtu mzima asiyejua mambo ya kisasa. Nililiweka kando kwa miaka kumi na zaidi, na msomaji ataona hapo mbele kwamba nilikosea.

Mgeni wa wakati ule alikuwa na tabia yake. Alikuwa amengoja diski kwa wiki kadhaa, ameazima mashine, amelipia dakika za saiba ili aulize kwa nini modemu haitambuliwi, kisha akarudi nyumbani na jibu lililoandikwa kwenye karatasi. Kufika kwenyewe kulikuwa kazi, na kwa hiyo aliyefika alikuwa amekwisha kuwa nusu mwenyeji. Aliuliza kwa haya na kushukuru kwa maneno mengi, na mara nyingi alipopata ufumbuzi aliuandika ili mwingine asisumbuke. Methali ya mgeni siku mbili, ambayo kila mwandishi wa mambo ya jamii huikimbilia, ilitimia bila ya mtu kuitamka: jembe mgeni alikuja nalo mwenyewe.

Tusipambe mno. Wageni wale walikuwa wachache, takriban wote wavulana, tena wenye Kiingereza cha kutosha. Wengine wote hawakubisha hodi kabisa.

Juu ya neno “bure”

Kiingereza kina tatizo mashuhuri katika jambo hili. Neno “free” lina maana ya uhuru na pia maana ya kutolipa, na Stallman ametumia miaka mingi kuwaeleza watu kwamba yeye anazungumzia uhuru. Kiswahili hakina tatizo hilo. Tuna “huru” na “huria”, yote mawili ya asili ya Kiarabu, na mbali nayo tuna “bure”. Mtu angetarajia kwamba sisi tungekuwa salama.

Ilivyotokea ni kwamba tumeepuka mtego wa Kiingereza tukaingia katika wa kwetu. “Bure” haliishii kwenye kutolipa. “Amekufa bure” ni kufa pasipo sababu. “Amehangaika bure” ni kuhangaika pasipo faida. “Mtu bure” ni mtu asiye na thamani, na mtoto wa Voi akitaka kumtukana mwenzake uwanjani humwambia “bure kabisa”. Maana hizi zimeshikamana kiasi kwamba msikilizaji hawezi kuitwaa moja akaziacha nyingine mlangoni. Kwa hiyo mwalimu anapowaambia wanafunzi, kwa nia njema, kwamba LibreOffice ni programu ya bure, amewaambia mambo mawili kwa pigo moja: kwamba hailipiwi, na kwamba pengine haina maana. Tumewasikia wanafunzi wakisema, wakiiona hitilafu ndogo, “Ndiyo maana ni ya bure.” Hitilafu hiyo hiyo ikiwa katika programu ya kununua, au hata iliyoibwa, huitwa hitilafu tu.

“Huria” nalo lina historia yake. Watu wengi walilizoea neno hili katika miaka ya 1980 na 1990, wakati wa mageuzi ya uchumi, kupitia “soko huria” na “biashara huria”. Kwa wazee wengi wa Kenya soko huria ni kumbukumbu ya marobota ya mitumba na viwanda vya nguo vilivyodhoofika. Mzee mmoja wa Mwatate, tulipomweleza maana ya programu huria, aliitikia kwa upole kwamba alikuwa ameelewa: ni programu ambayo serikali imeacha kuilinda. Hatukuwa na haki ya kumcheka, kwani alifuata mantiki ya neno tulilompa.

Tuendelee na “pakua” na “pakia”. Kwa hakika huu ni uteuzi mzuri, tena wa kibaharia. Chombo hupakiwa bandari moja na kupakuliwa bandari nyingine, na kitenzi cha pili, chenye kiambishi cha kutengua, humaanisha pia kutoa chakula chunguni. Lakini yatazameni matumizi. Wanafunzi wetu hupakua kila siku. Kupakia wanakokujua ni kupakia picha zao. Kupakia sahihisho, tafsiri au maelezo katika programu wanayoitumia ni tendo ambalo wengi hawajapata kulisikia kwa neno hilo.

Neno zito kuliko yote ni “mtumiaji”. Shina lake, -tum-, limezaa pia mtume na mtumishi. Kutoka “tuma” tunapata “tumia”, na kutoka “tumia” tunapata mtumiaji. Kutoka “tumika” tunapata mtumishi, kwa badiliko la k kuwa sh mbele ya kiishio -i, badiliko ambalo wasomaji wa jarida hili wanalifahamu vyema. Ndugu hawa wawili hawafanani. Katika uchumi, mtumiaji hushindana na “mlaji” kwa maana ile ile, yaani mtu aliye mwisho wa mnyororo ambaye bidhaa inakoma kwake. Tunapomkaribisha mgeni kwa kumwita mtumiaji, tumemwambia kwamba njia ya bidhaa imeishia kwake. Si ajabu basi akikaa kama mlaji na kungoja kuhudumiwa.

“Yenu” na “yetu”

Kwamba mgeni amekuwa mlaji twaweza kuliona katika viambishi vyenyewe. Tuliomba na kupewa idhini ya kusoma mazungumzo ya kikundi kidogo cha walimu na wanafunzi wa Voi wanaosaidiana kutumia Linux na LibreOffice katika mashine kuukuu. Hatukufanya hesabu, na hatutaki msomaji adhani kwamba tulifanya. Lakini katika ujumbe wa zamani wageni huandika “samahani, nimekwama” na “nisaidieni”, na kosa huwa la msemaji: labda sikuelewa. Katika ujumbe wa karibuni kosa limehama. “Programu yenu haifungui faili langu.” “Mtarekebisha lini?” Kimilikishi -enu kinaelekezwa kwa watu ambao wao wenyewe hawakuandika hata mstari mmoja wa msimbo, nao ni wageni waliotangulia tu.

Ni rahisi kuwalaumu vijana kwa kukosa adabu, na wenzetu kadhaa hufanya hivyo. Haifai kusahau kwamba jumuiya kubwa zenyewe zilikuwa kali kwa wageni. Aliyeuliza lililokwisha kuulizwa alifukuzwa kwa maneno makali, na ukali huo ulihesabiwa kuwa alama ya ustadi. Mnamo Septemba 2018 Torvalds mwenyewe aliomba radhi hadharani kwa namna alivyokuwa akiwasemesha wenzake, akapumzika kwa muda, na mradi wa Linux ukapitisha kanuni za mwenendo. Stack Overflow, iliyoanzishwa mwaka 2008, ina desturi ya kuondoa salamu na shukrani katika maswali, kwa hoja kwamba zinampotezea msomaji wakati. Mtu wa kwetu hawezi kuuliza njia ya kwenda sokoni bila kumwamkia anayemwuliza. Salamu kwake ndiyo hodi. Aliyefutiwa salamu yake mara mbili tatu hujifunza kwamba hapo si nyumbani kwa mtu, bali ni dirisha la huduma, na dirishani watu husema “mtarekebisha lini”.

Tangu mwisho wa 2022, ilipotolewa ChatGPT, wengi hawafiki hata dirishani. Huiuliza mashine, ambayo haikasiriki wala haichoki, na maswali katika Stack Overflow yamepungua mno. Kwa mgeni mwenye haya hii ni nafuu, na hatuibezi. Ila jibu analopata mtu chumbani mwake peke yake halimfundishi anayefuata.

Tafsiri isiyo na warithi

Yako wapi madhara ya haya yote kwa Kiswahili? Tutoe mfano mmoja. Mwishoni mwa 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili kuanzia menyu hadi maonyo. Ilikuwa kazi kubwa ya istilahi, iliyofanywa wakati ambapo Microsoft nayo ilikuwa ikishughulikia Kiswahili. Lakini programu haitafsiriwi mara moja ikaisha. Kila toleo jipya huleta maneno mapya, na OpenOffice.org ilipogawanyika mwaka 2010 ikazaliwa LibreOffice, kazi iliongezeka. Leo Jambo OpenOffice haitunzwi tena. Watu waliipokea, wakaisifu, wakaipakua. Waliosahihisha baada ya fedha za mradi kwisha hawakutosha.

Historia ya Wikipedia ya Kiswahili inatoa funzo la upande mwingine. Kati ya 2009 na 2010 Google iliendesha shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania la kuandika makala, kukiwa na zawadi. Makala yalimiminika. Zawadi zilipokwisha kutolewa, wengi wa waandishi hawakuonekana tena. Walikaribishwa kama washindani, na mshindani huondoka filimbi ikilia.

Wako waliotaja vitu vyao kwa neno lenye wajibu ndani yake. Koha, programu ya maktaba iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, ambayo maktaba kadhaa za vyuo vya Kenya huitumia, imepewa jina la Kimaori linalomaanisha zawadi inayomtazamia mpokeaji arudishe fadhila. Ubuntu ni ngeli ya utu wetu, shina lile lile -ntu. Hapa Taita wala hapahitajiki jina la kukopa. Patrick Fleuret alieleza mwaka 1985 jinsi watu wa milima hii walivyoendesha maji ya mifereji: anayenywesha shamba lake kwa mfereji anashiriki pia katika kuutengeneza. Wanafunzi kutoka Wundanyi wanaelewa habari hii kabla mwalimu hajamaliza sentensi, ilhali “programu ya bure” tumewaeleza mwaka mzima.

Swali la mjomba

Tumefika kwenye mgeni wa namna ya tatu, ambaye ametufanya tuandike makala haya. Audrey Mbogho na wenzake wa vyuo vikuu vya Kenya wamekusanya matini na sauti za Kidawida, Kikalenjin na Kidholuo, wakaeleza kazi hiyo katika makala yaliyotoka mwaka 2025. Sauti ziliwekwa katika Common Voice, mradi wa Mozilla ambamo watu husoma sentensi kwa sauti ili mashine zijifunze lugha, na kwa desturi ya mradi huo rekodi hutolewa kwa kuachia haki zote. Tulipoizungumzia kazi hii darasani Voi, tulitarajia furaha. Mwanafunzi wa kwanza kuinua mkono aliuliza, “Sauti ya nyanya yangu ikishaingia humo, nani atakula?”

Wenzake waliguna. Mimi nilimsikia mjomba: hao wanataka nini kwetu? Safari hii sikuweza kuliweka kando. Ni kweli kwamba kampuni tajiri yaweza kuichukua hazina iliyotolewa na maskini na kuuza kitu kilichojengwa juu yake. Te Hiku Media, shirika la Wamaori, lilikataa kuziachia sauti zao na likabuni leseni ya ulezi. Katika Chuo Kikuu cha Pretoria imebuniwa leseni yenye jina la Kiigbo, Nwulite Obodo, inayotofautisha masharti ya mtumiaji wa Afrika na ya yule wa nchi tajiri. Wakongwe wa programu huria hawazipendi leseni hizi, kwa kuwa uhuru unaobagua watumiaji si uhuru kwa mujibu wa kanuni zao. Mjadala huo ni mkali na haujafungwa.

Kwa maoni yetu mwanafunzi yule hakukosa adabu. Mlaji huuliza mtarekebisha lini. Yeye aliuliza nani atakula, na swali hilo huulizwa na mtu anayeamini kwamba chungu ni chake. Wageni wa namna yake ni wachungu zaidi kuliko sisi wa enzi ya diski, tuliokuwa tukishukuru kila kitu, nasi twawaona ni wanachama bora zaidi.

Ushahidi tuliupata wiki iliyofuata. Kuna hazina ya data za lugha iitwayo CLDR, inayotunzwa na Unicode Consortium kwa michango ya watu wengi. Humo ndimo programu nyingi duniani zinamochota majina ya siku na miezi. Kidawida kimo. Jumamosi imeandikwa “Kifula nguwo”, na hata asiyejua Kidawida atasikia humo kufua nguo. Darasa zima lilicheka kwa furaha kuikuta siku ya kufulia ndani ya mashine. Kisha msichana mmoja kutoka Mwatate akaona kwamba jina la lugha yenyewe limeandikwa “Kitaita”. Kicheko kikakoma. “Nani aliandika hivi?” Tukamweleza kwamba huenda ni mtu wa kujitolea kama yeye, na kwamba mapendekezo ya kusahihisha hupokewa kwa vipindi maalumu. Hakuuliza watarekebisha lini. Aliuliza fomu iko wapi.

Fomu ilipatikana, na hapo ndipo kazi ilipokwama, kwa sababu inayostahili makala nyingine. Baadhi ya wanafunzi wanaandika Kidawida. Wengine, kama ilivyo katika Common Voice, wanataka Kidaw'ida, kwa ritifaa inayoonyesha kwamba w hiyo si ya Kiswahili. Mmoja ameleta kutoka kwa babu yake Kidabida. Msaghala aliyemo darasani anasema kwamba kama ni Kidawida basi kusiwe na Kitaita popote, maana Kisaghala kitahitaji mlango wake chenyewe. Kipindi cha mapendekezo kijacho kinakaribia, na mpaka tunapoandika haya hawajakubaliana.